Ukifika Lyon usiishie barabarani: namna ya kuzitembea traboule, kwa watu wa Lamu

Hii naandikia watu wangu wa Lamu, na wa Malindi pia, manake siku hizi nyumba nyingi za pwani zina mtu Ufaransa, kama si dada aliyeolewa huko basi ni kijana anasoma ama binamu anafanya kazi hotelini, na ukienda kumtembelea atakupeleka Paris upige picha na ule mnara alafu basi, safari imeisha. Mwambie akupe siku mbili za Lyon. Treni ya kasi, ile TGV, inatoka stesheni ya Gare de Lyon pale Paris na kama masaa mawili hivi uko Part-Dieu, stesheni ya Lyon, na huko kuna kitu ambacho mtu aliyelelewa vichochoroni atakielewa upesi kuliko mtalii yeyote.

Kitu chenyewe kinaitwa traboule. Unasimama mbele ya mlango wa nyumba ya watu, mlango wa kawaida tu una namba yake, unausukuma, unaingia kwenye ujia mwembamba wenye giza, unapita chini ya nyumba, unatokea uani penye ngazi za kuzunguka na pengine kisima cha zamani, unaingia chini ya nyumba nyingine, na ukifungua mlango wa mwisho unajikuta barabara ya pili kabisa. Kwetu kinachokaribia ni wikio, pale ambapo chumba cha juu kimevuka kichochoro kikaunganisha nyumba mbili na wewe unapita chini yake. Lakini chini ya wikio bado uko njiani, njia ya kila mtu na ya punda. Kwenye traboule uko ndani kwa watu. Hilo ndo jambo kubwa kuliko yote nitakayosema hapa, kwa hivo nalisema mapema: familia zinaishi mle, sanduku zao za barua ziko ukutani, baiskeli ya mtoto imeegeshwa chini ya ngazi, huko juu kuna mtu ametoka shifti ya usiku amelala. Pita vile ungepita ukiwa ndani ya daka, yani ukumbi wa mlangoni, la mtu wa mtaa wetu wa Mkomani.

Sasa kwa nini walijenga hivo, ukilijua hili utaona mji vizuri zaidi. Lyon ina mito miwili, Rhône na Saône, na mji wake wa kale, Vieux Lyon, umebanwa katikati ya mto Saône na kilima cha Fourvière. Nafasi ni nyembamba, kwa hivo barabara zake zinafuata mto, rue Saint-Jean, rue du Bœuf, zote zinaenda sambamba na maji, na zile za kukata kushuka mtoni ni chache sana. Sisi Lamu usita wa mui, yani barabara kuu ya mji, nao unafuata pwani, lakini vichochoro vyetu vinateremka kutoka juu mpaka baharini, mvua ikinyesha maji yanajua pa kwenda na mtu wa Mkomani akitaka kushuka jahazini hazunguki. Wao hawakuwa na hivo vichochoro vya kuteremkia, basi nyumba zenyewe ndo zikawa njia. Nyumba nyingi utakazopita ni za karne ya 15 na ya 16, wakati wafanyabiashara na wenye mabenki kutoka Italia walikuwa wamejaa Lyon kwa ajili ya masoko yake makubwa, wakajenga kwa ujuzi wa kwao, nyumba ya mbele inatazama barabara, katikati ua, nyumba ya nyuma, na roshani za mawe zinaziunganisha. Mwaka 1536 mfalme François I akauruhusu mji ufume hariri, na hariri ndo itakupeleka mpaka kwenye kilima cha pili, nitafika huko.

Mlango ndo unawashinda wengi kwa hivo tuliza akili hapa. Traboule ni mamia lakini zilizo wazi kwa mgeni ni chache, na hizo nyingi zina kibao kidogo ukutani karibu na mlango. Usianze kusukuma kila mlango wa mtaa ukibahatisha. Pembeni ya mlango utaona kile kidude cha namba za siri, wenyeji wana namba yao, lakini mchana kwenye traboule zilizo wazi aidha mlango unasukumika tu ama kuna kitufe kimoja, mara nyingine kimeandikwa Service, unakibonyeza unasikia tik, unasukuma. Angalia vizuri usibonyeze vile vitufe vyenye majina, kila jina ni kengele ya nyumba ya mtu na utamtoa mzee wa watu kitandani. Ukishaingia, kama ni giza tafuta kitufe chenye mwanga kidogo ukutani, ndo taa, na ile taa inajizima yenyewe baada ya muda kwa hivo usishtuke. Ukifika mwisho mlango umefungwa usiuvute kwa nguvu, tafuta kitufe kilichoandikwa Porte, bonyeza, utafunguka. Nyuma yako funga polepole kwa mkono, usiuachie ujigonge, mle ndani sauti inapanda mpaka orofa ya juu kabisa.

Ukiona kibao cha Propriété privée, geuka. Hapana mjadala, hata kama mlango uko wazi na umeona ngazi nzuri ndani.

Saa za kwenda ni kuanzia kama saa mbili asubuhi mpaka kama saa moja jioni, na mimi ningesema wahi asubuhi, manake asubuhi ndo wenyeji wanatoka na wanaoleta mizigo wanaingia, milango inafunguka kwa urahisi na vikundi vya watalii bado wanakunywa kahawa. Na kumbuka kule majira ya joto jua linachelewa mno, mwezi wa sita magharibi inaingia saa tatu na nusu za usiku, kwa hivo utaona bado mchana mweupe nje lakini milango imeshafungwa, usije ukapanga mambo yako kwa kutazama jua kama tunavyofanya nyumbani.

Adabu zake mtu wa pwani amezaliwa nazo, kumbuka tu kuzitumia. Ukikutana na mtu mle ndani anza wewe kwa salamu, Bonjour madame, Bonjour monsieur, kabla hujasema neno lingine lolote. Wafaransa kwenye hili ni kama sisi kabisa, ukimrukia mtu na swali bila kumuamkia umeshamkosea, na ukimuamkia vizuri unaweza kuonyeshwa kitu ambacho kitabu cha watalii hakina. Mpishe mwenye mzigo. Ongea kwa sauti ya chini. Kama mko wengi gawanyikeni mwingie wachache wachache. Picha piga za ngazi, za matao, za kisima, lakini madirisha ya watu na nguo walizoanika ziache, na mtu usimpige kabisa mpaka umemuomba. Sisi wenyewe tunajua vile inaudhi mama amekaa barazani kwake anasuka ukili alafu mgeni anamuelekezea kamera bila hata hodi, bas tusiende kufanya hayohayo kwa wenzetu. Mimi hili linanigusa kwelikweli kwa sababu mtu wa mji wa kale akiudhiwa vya kutosha anafunga mlango, na akishafunga amefunga kwa kila mtu.

Viatu vaa vya kufunika vyenye soli ya kushika, barabara ni mawe na mvua ikinyesha yanateleza, kandambili acha kwa mwenyeji wako. Ramani ya simu itakufikisha mlangoni lakini ukiingia ndani inapotea, kuta ni nene, na Google Maps haikuonyeshi kila traboule ndani ya jengo. Kwa hivo andika namba za nyumba kwenye karatasi. Ofisi ya watalii iko Place Bellecour, wanatoa ramani na wana matembezi ya kuongozwa, na kama una pesa kidogo yachukue hayo matembezi manake kuna milango ambayo mwenyeji anafungulia kikundi chenye mwongozaji tu.

Siku ya kwanza weka Vieux Lyon. Panda metro laini D mpaka kituo cha Vieux Lyon, ukitoka nje kanisa kuu la Saint-Jean liko hapohapo, ingia rue Saint-Jean. Anza na namba 54 rue Saint-Jean. Hii ndo ndefu kuliko zote za mji wa kale, inapita chini ya majengo manne na nyua zake na inatokea namba 27 rue du Bœuf. Nakusihi usikimbie. Watu wengi wanaipita mbio ili waseme wamepita, wanakosa kitu. Simama kila uani, inua kichwa, angalia anga ilivyobaki kipande kidogo tu juu, alafu angalia kuta, kila ua una umri wake na rangi yake, hizi zimepakwa rangi ya waridi, zile njano iliyochuja. Kwetu upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkandaa, ndo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Kule walikuwa na mawe na matao, kwa hivo dari za njia zao zimepindwa kwa mawe na zinakutana juu kwa mistari mizuri sana, na mtu ambaye baba yake ama babu yake alikuwa fundi muashi atasimama hapo muda mrefu.

Ukitokea rue du Bœuf usiondoke mtaa huo bado, nenda namba 16, hapo kuna ua wenye mnara wa rangi ya waridi wanauita Tour Rose, ndani yake ni ngazi za kuzunguka. Hii haivuki kwenda barabara nyingine, unaingia na kurudi ulikotoka, lakini usiikose. Alafu rudi rue Saint-Jean, namba 27, unatokea namba 6 rue des Trois-Maries, hii ni fupi na nzuri kama mko na mzee ama watoto. Kutoka hapo Place du Gouvernement haiko mbali, namba 2, unaingia na kutokea namba 10 quai Romain-Rolland, na ghafla mbele yako ni mto Saône. Hii ndo inakufanya uelewe ile hesabu yote ya mwanzo, kwa nini nyumba zilitobolewa, unaihisi kwa miguu yako mwenyewe. Ukiwa bado na nguvu nenda rue Juiverie namba 8, Hôtel Bullioud, uani kuna roshani aliyoichora Philibert de l'Orme mwaka 1536. Tajiri alitaka kuunganisha majengo yake mawili bila kubomoa ua wala kupunguza nafasi chini, fundi akaitundika ile roshani juu hewani. Mtu wa wikio lazima aione hiyo.

Kuhusu chakula niseme wazi. Mikahawa ya kiasili ya Lyon, wanaita bouchon, ina sifa dunia nzima lakini karibu kila sahani ina nguruwe ndani, soseji, mafuta, mpaka kwenye saladi, kwa hivo usikae tu kwa vile pananukia. Rudi laini D vituo viwili mpaka Guillotière, huko kuna Waarabu na Waafrika na migahawa ya halali tele na bei afadhali. Msikiti mkuu wa Lyon uko boulevard Pinel, mtaa wa nane, umefunguliwa mwaka 1994, huo uko mbali kidogo na mji wa kale kwa hivo ijumaa panga mapema.

Siku ya pili ni Croix-Rousse. Watu wa Lyon wanasema Fourvière ni kilima kinachosali na Croix-Rousse ni kilima kinachofanya kazi, na ni kweli, huku juu ndo walikuwa wafumaji wa hariri, wanaitwa canuts. Panda metro laini C, imeinama vibaya sana mpaka reli yake ina meno, shuka kituo cha Croix-Rousse, alafu tembea kwa kuteremka. Magoti yako yatakushukuru, waongozaji wabaya wanakupandisha kwa miguu kutoka chini na ukifika nusu huna hamu ya kuangalia kitu.

Hapa nyumba si za matajiri wa Italia, hizi zilijengwa karne ya 19 kwa ajili ya mashine. Joseph Marie Jacquard mwaka 1804 alitoa kitanda cha mfumi, yani mashine ya kufumia, kinachoongozwa na kadi zenye matundu, kila tundu linaamua uzi gani unyanyuke, na ile mitambo ilikuwa mirefu, ikabidi dari ziwe za kama mita nne na madirisha makubwa mwanga uingie. Mfumaji alikuwa anaishi na kulala hapohapo chini ya mashine. Na traboule za huku zikawa na kazi yake, kuteremsha mizigo ya hariri kutoka juu mpaka kwa matajiri waliokuwa chini bila kulowa mvua. Hariri ikilowa imeharibika, na hasara ni ya aliyeifuma.

Anza Place Colbert namba 9. Ndani yake ni Cour des Voraces, na hii kwangu mimi ndo moyo wa safari nzima. Ngazi kubwa ya mawe ya orofa sita imesimama wazi uani, imejitokeza mbele ya jengo, haina urembo wowote, nguvu tu. Jina limetokana na Voraces, kikundi cha wafumaji kilichokuwa na nguvu hapa wakati wa mapinduzi ya 1848. Kabla ya hapo mwezi wa 11 mwaka 1831 wafumaji walishaamka kudai bei ya kima cha chini kwa kazi yao, wakateremka kutoka kilimani na bendera nyeusi iliyoandikwa kuishi tukifanya kazi ama kufa tukipigana, wakaushika mji kwa siku kadhaa. Wakaamka tena mwezi wa 4 mwaka 1834 na safari hiyo jeshi liliwaua kwa mamia. Ukisimama kwenye zile ngazi ukijua hayo utaona si mahali pa kupigia selfi za kuchekacheka, kaa dakika chache, panda mpaka orofa mbili tatu kama kumetulia, angalia chini.

Kutoka hapo teremka utokee namba 29 rue Imbert-Colomès, vuka barabara, namba 20 ya mtaa huohuo inakuteremsha mpaka namba 55 rue des Tables-Claudiennes. Hapo karibu kuna mabaki ya uwanja wa Warumi, Amphithéâtre des Trois Gaules, wa mwaka 19 baada ya Kristo, unapita unauona. Endelea chini mpaka rue René-Leynaud namba 19, Passage Thiaffait, sasa imejaa karakana za wabunifu wa nguo, yani kitambaa hakijatoka huku mpaka leo, alafu unamalizikia Place des Terreaux. Ukitaka kuona mashine yenyewe ikifuma, Maison des Canuts iko namba 10 rue d'Ivry huko juu, angalia saa zao kabla hujateremka.

Kuna historia nyingine ya hizi njia na usiondoke bila kuijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliukalia mji kuanzia mwezi wa 11 mwaka 1942 mpaka mwezi wa 9 mwaka 1944, na mkuu wa Gestapo, polisi wao wa siri, pale alikuwa Klaus Barbie. Wapiganaji wa siri wa Ufaransa walizitumia traboule kukutana, kupitisha barua na kuwapotea waliokuwa wanawafuata, unaingia mlango huu askari anakusubiri hapo nje na wewe umeshatokea mtaa mwingine. Kiongozi wao Jean Moulin alikamatwa Caluire, ng'ambo tu ya Croix-Rousse, tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 1943. Makumbusho ya hayo yako avenue Berthelot, ndani ya jengo ambalo Gestapo walilifanya makao yao. Mtoto mdogo usimpeleke huko.

Sasa hizi njia zingekuwa zimekufa. Baada ya vita Vieux Lyon ulikuwa umechoka, nyumba zinavuja, na meya wa wakati huo, Louis Pradel, alitaka kupitisha barabara kubwa katikati. Wenyeji wakaungana wakakataa. Mwaka 1962 ikapita sheria ya Malraux, waziri wa utamaduni, ya kulinda miji ya kale, na mwaka 1964 Vieux Lyon ukawa wa kwanza Ufaransa nzima kulindwa kwa sheria hiyo. UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1998, miaka mitatu kabla ya Lamu yetu. Na ule uwazi wa milango haukuja wenyewe, ni mapatano, mwenye nyumba anakubali njia yake iwe wazi mchana na manispaa inamsaidia usafi, taa na matengenezo. Hili nalitaja kwa makusudi. Mwamu akienda akaone kwa macho yake vile mwenye nyumba ya kale anavyoshikwa mkono, badala ya kuambiwa tu usibomoe, usibadilishe, alafu chokaa na fundi ajitafutie mwenyewe. Ukipata nafasi muulize mwenyeji analionaje, wengine watakwambia wamechoka na wageni, na hilo pia ni la kusikia.

Kilichobaki kusema ni msimu wa kwenda. Mwezi wa 5 na wa 9 ndo bora, si baridi si joto. Mwezi wa 7 na wa 8 mji unachemka lakini ndani ya traboule kuna ubaridi, utashukuru. Tarehe 8 mwezi wa 12 ni sikukuu yao ya taa, wanaifanya tangu 1852, kila dirisha lina mshumaa na mji unapendeza kweli, ila watu ni wengi mno, kwa hivo usiku huo kaa barabarani uangalie taa na milango ya watu waachie wenyewe mpaka wiki inayofuata.